Ruta Ilimwita Kitufe

Kaka yangu ni fundi wa mitandao, na mdomo wake haukai kimya hata akiwa kazini. Mchana ule alikuwa akifunga ruta mpya, kile kifaa cha kuunganisha mitandao, katika ofisi ambayo hata viti vilikuwa havijaingia. Mimi nilikuwa nyumbani kwake, nafua nguo uani. Bintiye, tuliyezoea kumwita Kitufe kwa udogo wake, alikuwa sebuleni akipiga soga na baba yake kwa simu.

Kaka aliwahi kuniambia kwamba ruta ni mbea. Ukikosea kuiandikia amri kwenye kompyuta, inadhani umetaja jina, basi inaanza kuulizia mtandao mzima: nani anamjua huyu, anakaa wapi? Ndiyo maana mafundi huizima kwanza tabia hiyo. Siku hiyo soga ilimnogea, akasahau.

Vidole vikapitiwa. Mahali pa amri, akaandika Kitufe.

Alicheka peke yake, akangoja ruta ichoke kutafuta. Kwa kawaida hakuna anayejibu. Tena nyaya za mtandao zilikuwa bado sakafuni, ndani ya plastiki zake. Ruta haikuwa na wa kumuuliza.

Ikajibiwa. Anwani ikatokea kwenye skrini.

Papo hapo Kitufe akanong'ona kwenye simu, "Baba, mbona unagonga mlango?"

"Si mimi, mwanangu. Usifungue."

"Anasema ameitwa."

"Usifungue! Mwite shangazi!"

"Nimeshafungua."

Nilisikia bawaba, nikaingia mbio na mapovu mikononi. Mlango wazi. Mtoto amesimama, simu sikioni. Nje hakuna mtu.

"Nani alikuwa anagonga?"

"Ameshaingia, shangazi." Akanyoosha kidole nyuma yangu.

Nilipekua kila chumba, hadi chini ya vitanda. Sikuona kitu. Kaka alifika akihema, akamkumbatia mwanawe mpaka nikamwambia alegeze, atamvunja mbavu. Tukakubaliana jina lile lisitamkwe tena nyumbani. Siku zikapita. Mtoto anakula, anacheka, analala vizuri. Nikaanza kujiona mjinga kwa kuogopa.

Jana mchana nilikuwa namsuka sebuleni, ameketi sakafuni katikati ya miguu yangu. Kaka akarudi kutoka kazini, amechoka, akajisahau akiwa bado mlangoni.

"Kitufe!"

Nywele za mtoto zilikuwa mkononi mwangu. Hakufungua mdomo. Alinishika goti tu, kwa nguvu.

"Nakuja, baba," ikaitika sauti yake, kutoka jikoni.