Pikapu ya Octavian Haipandi Kibakwe

Saa sita mchana, pikapu ya Octavian ilikata pumzi katikati ya barabara pale Sabasaba, saruji imejaa nyuma. Bodaboda wakamtukana. Mama muuza nyanya akamuuliza kama amekuja kupanga meza.

Akatokea dada mmoja, ovaroli ya bluu, mikono ya ovaroli kaifunga kiunoni, fulana nyeupe haina hata doa, laptop mgongoni. Salamu hakutoa. Alichomeka waya chini ya usukani, akasoma kioo cha laptop.

"Chujio la dizeli limeziba. Ulibadilisha lini?"

"Mwaka juzi."

"Na mswaki unabadilisha lini?"

Ndivyo alivyompata Yasinta, fundi umeme wa magari kwenye gereji moja Chang'ombe. Miezi mitatu baadaye walikuwa wapenzi, simu asubuhi, simu jioni.

Tatizo lilikuwa Jumatano. Kila Jumatano Octavian alipandisha mzigo Kibakwe, na kila Jumatano alirudi na hasira. Mlima ulikuwa unamdhalilisha. Gia ya pili, moshi mweusi, halafu fuso linampita na dereva anampungia mkono kama anamzika. Wenye maduka kule juu walishamwambia wazi kwamba anayewahi kufika ndiye anayepewa maharage ya kushusha mjini. Mara nne mfululizo kashuka gari tupu.

Akataka rimapu. Hiyo ni kubadilisha programu kwenye kompyuta ya gari ili injini itoe nguvu zaidi. Yasinta aliwafanyia watu wengi tu, lakini kwake alikataa. Alisema tabo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, imechoka, na mlima una kona mbaya. Walibishana wiki nzima mpaka Octavian akasema kama hataki, mafundi wapo wengi. Yasinta akapata picha ya Octavian akienda kwa fundi wa chochoroni. Akachomeka laptop, akakaa nusu saa.

"Tayari, baba. Nenda taratibu."

Octavian alipanda Kibakwe anapiga miluzi. Alipiga simu kutoka kileleni.

"Mpenzi, leo nimempita fuso."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu. Gari linaruka."

Fuso lilikuwa limesimama kupoza injini, lakini hilo hakulisema. Yasinta akampa hongera.

Wiki mbili jamaa alihubiri rimapu kwa kila dereva. Siku moja stendi ya Mpwapwa taa ya injini ikawaka, fundi mmoja anaitwa Elisha akapima, akaanza kucheka. Programu ilikuwa ya kiwandani, haijaguswa. Madereva wote walikuwepo. Kuanzia siku hiyo jina lake stendi likawa Rimapu.

Octavian aliendesha moja kwa moja mpaka Chang'ombe.

"Ulinidanganya."

"Ndiyo."

Octavian alitaka Yasinta akatae, wagombane vizuri. Hakukataa.

"Niliogopa," Yasinta alisema. "Ukizoea kukimbia kupanda, nani atakushika ukishuka?"

"Umeniona wapi nikishuka? Hujawahi kupanda mlima na mimi hata siku moja. Umeniamulia kama mtoto, ukaniacha nichekwe."

Yasinta alijua hilo ni kweli.

Siku kumi hakuna simu. Jumatano iliyofuata Octavian anamaliza kupakia, mlango wa kushoto ukafunguliwa. Yasinta, sweta jekundu, suruali ya jinzi, raba, laptop mgongoni. Alikaa, akafunga mkanda, akasema twende.

Nusu ya mlima, gia ya pili. Fuso likawapita, dereva akaita, "Rimapu, shikamoo." Yasinta akapiga dashibodi.

"Kanyaga basi."

"Nimekanyaga mpaka chini, mama."

Yasinta alitoa tusi ambalo mama yake kule Hombolo hajui kama binti yake analijua. Sasa alielewa hasira za Jumatano.

Kileleni maharage yalikuwa yameshachukuliwa. Walipata magunia matatu ya viazi, wakashuka. Octavian alishuka kwa gia ndogo, akawasubiri mbuzi wavuke bila honi, mara mbili akasimama kushika magurudumu aone kama breki zimepata moto. Yasinta alikuwa anamwangalia tu. Mpaka tambarare.

"Nilikuona mjinga. Nisamehe." Akafungua laptop. "Nikuwekee rimapu, ya kweli safari hii?"

Octavian aliegesha pembeni. Miezi yote alikuwa anataka hiki kitu, sasa kiko mapajani kwa mtu anayempenda.

"Tabo itahimili?"

"Kwa mguu wako, miezi sita. Halafu inakufa, labda na injini."

Octavian alipiga usukani kwa kiganja. Alichukia. Alikaa hivyo mpaka malori mawili yakapita.

"Basi acha. Tabo kwanza."

"Unaacha kwa ajili yangu?"

"Naacha kwa sababu nimeuliza, umenijibu ukweli. Hicho tu ndicho nilikuwa nataka." Akawasha gari, halafu hakuondoka. "Nataka kumtuma mjomba wangu kwenu Hombolo, akaongee na wazee. Na hapo pia nijibu ukweli."

Yasinta alifunga laptop polepole.

"Mtume. Ila mwambie asije na gari hili. Nataka afike mwaka huu."