Ganda Lisilovuja

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo na kufuta meza, msichana ambaye wenzake darasani walimwita Kapteni alipanda juu ya kiti akashusha boksi lililokuwa juu ya kabati. Ndani mlikuwa na mota ndogo, betri, pangaboi la shaba, rimoti, na kipokezi cha redio kilichofungwa kwa kitambaa laini. Alivipanga kitandani, rimoti kando na kila kingine mahali ambapo kingekaa ndani ya nyambizi ya kuchezea, kisha akavitazama. Kilichokosekana ni ganda la kuvibeba chini ya maji.

Vifaa hivyo vilikuwa vya kaka yake. Alipokwenda mji wa mbali kujifunza ufundi wa mitambo, alimwachia mdogo wake, akamwambia atafute ganda zuri ili akija likizo waizamishe nyambizi pamoja. Kipokezi kilikuwa kimoja tu, cha aina isiyotengenezwa tena. Maji yakikigusa, basi. Tangu kaka aondoke, kiti chake mezani kiliwekwa vitabu, na hakuna mtu nyumbani aliyelitaja jambo hilo.

Kapteni alianza kutafuta kwa shangazi yake, aliyekuwa na karakana ya matangi ya maji ya fibaglasi nyuma ya soko. Shangazi alikubali kumtengenezea ganda, ila alimweleza wazi kwamba lingehitaji kalibu mpya ya kulipa umbo, na kila tabaka la fibaglasi lingeachwa likauke kabla ya jingine kupakwa. Lisingekuwa tayari kabla kaka hajaja na kuondoka.

"Basi nifanyeje, Shangazi?"

"Usubiri. Au utafute dukani, lakini utafute kwa macho, si kwa moyo."

Akamfundisha namna ya kulijua ganda bora. Ulinyanyue kwenye mwanga: likiwa na unene sawa, litapitisha mwanga hafifu ulio sawa kila mahali. Uunganishe nusu mbili bila gundi: zikibana vizuri, hata ukucha hauingii. Mwisho, uweke karatasi kavu ndani, ulifunge, ulizamishe ndani ya pipa kwa jiwe zito, maana ganda lisilovuja likielea laweza kuvuja likikandamizwa chini. Katika karakana ile hakuna chombo kilichotoka bila kupimwa kwa maji na karatasi.

Kapteni na rafiki yake Mapengo walizunguka maduka ya vifaa vya watoto mpaka viatu vikawachoka. Mengi yaliuza nyambizi za kuelea tu. Mapengo aliigeuza moja, akaichungulia tumboni, akasema, "Huyu ni bata. Wamemkata shingo tu."

Katika duka la mwisho, muuzaji aliwatolea seti ya vipande vya ganda: nusu ya juu, nusu ya chini, mnara na mapezi, vyote vya kijivu vinavyong'aa. Kapteni alivichukua kabla muuzaji hajamaliza kuvipanga. Nusu mbili zilibana vizuri. Aliinua ile ya chini kuelekea taa ya dukani, na karibu na mkia akaona doa lenye mwanga zaidi kuliko sehemu nyingine. Aliishusha upesi. Mapengo alipomuuliza ameona nini, alijibu kwamba ni taa tu inayomulika vibaya, akalilipia ganda.

Asubuhi ya siku ambayo kaka angefika, alilipima lile ganda katika pipa la uani. Adhuhuri alilitoa, akalifuta, akalifungua. Karatasi ilikuwa kavu, isipokuwa upande wa mkiani, ambako palikuwa na unyevu usiozidi punje ya haragwe.

Aliketi chini, karatasi mkononi. Kaka angekaa siku chache tu, na likizo nyingine ilikuwa mbali. Kapteni hakuzoea kusema uongo, kwa hiyo alitafuta njia ya kutosema chochote. Alitia karatasi mpya, akalifunga ganda, akaliweka mezani.

Kaka alipofika na kuuliza kama limepimwa, alimjibu, "Fungua uone." Kaka alifungua, akaigusa karatasi pande zote, akacheka kwa furaha, akamwita "fundi wangu." Kapteni naye alicheka, lakini jioni aliinuka kuosha vyombo kabla wengine hawajamaliza kula.

Kesho yake walikwenda kwenye bwawa la kuogelea la shule. Mapengo alikuwa amekwisha kutangaza, na nusu ya darasa walijipanga ukingoni. Kaka alipiga magoti, akaweka mota, akaweka betri. Kisha akafuta viganja vyake kwa shati, akaanza kukifungua kile kitambaa laini.

"Kaka, usikiweke," Kapteni alisema. "Karatasi uliyoiona si ile iliyokuwa ndani ya pipa."

Kaka alimtazama. "Panavuja wapi?"

"Mkiani."

Kaka aliliinua ganda kwenye jua, akaliona doa. Alikifunga tena kipokezi polepole. Mvulana mmoja akasema, "Kapteni wa nchi kavu," na wenzake wakaangua kicheko. Mapengo akamkumbusha mvulana huyo kwamba yeye mwenyewe huogelea akiwa ameshikilia ngazi.

Kaka hakumgombeza. Njiani alisema tu, "Nilitamani sana kuiona ikizama." Afadhali angemgombeza. Siku ya kuondoka alilirudisha boksi juu ya kabati kwa mikono yake, akamwambia kwamba bado anamwachia yeye.

Kuanzia hapo, Kapteni alikwenda karakana kila alipotoka shule. Alivaa barakoa, akapaka, akasubiri, akapiga msasa. Ganda la kwanza liliingiwa na kiputo cha hewa. Alishauri walizibe, Shangazi akatikisa kichwa, na Kapteni akalitupa mwenyewe. La pili lilishinda kutwa ndani ya pipa chini ya jiwe, na karatasi ikatoka kavu mpaka mkiani.

Bwawani walikuwa watatu tu: yeye, Shangazi na Mapengo. Nyambizi ilikwenda juu ya maji, ikainamisha pua, ikazama. Kivuli chake kilipita juu ya vigae vya chini, kikakata kona, kikarudi. Kisha mnara ukachomoza. Kapteni alimpigia kaka simu.

"Ilizama?" kaka aliuliza.

"Ilizama."

"Ikarudi?"

"Ikarudi."

Kaka akauliza tena: "Chini ilionekanaje?"

Kapteni aliishusha simu, akamwambia Shangazi kwamba yeye ndiye aliyemnyima kaka kuiona. Shangazi alimwekea mkono begani.

"Sikiliza, mwanangu. Kutamani si kosa. Hamu hiyo ndiyo iliyokuleta karakana kila siku. Kosa lilikuwa kuiachia hamu ipime ganda. Maji hayajui unampenda nani wala anaondoka lini. Penye ufa yataingia. Ulichelewa kusema kweli, ukamvunja kaka yako moyo. Lakini ulisema kabla kipokezi hakijaingia, na ndiyo maana leo tuna cha kuzamisha."

Akaichukua simu, akaishika karibu na mdomo wa Kapteni.

"Izamishe tena. Safari hii umweleze kila unachokiona."