Macho ya Mama Nyuma ya Miwani

Kila asubuhi, kabla ya chai, mume na mke hawa walisali pamoja. Mke ndiye aliyeongoza. Aliomba taratibu, akiwataja watu mmoja mmoja. Mume alisema "Amina" kabla mkewe hajamaliza.

"Bado sijafika kwa mama yako," mke alisema.

"Mungu anamjua mama yangu. Chai haijui kusubiri."

Mume alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Mtaa mzima ulimwita Cheche. Mkewe alikuwa mpigapicha. Yeye aliitwa Mama Picha. Alikuwa na kamera moja ya dijitali, ile kubwa ya kubadilisha lenzi. Kila siku aliifuta kwa kitambaa laini, kama mtu anavyomfuta mtoto mchanga uso.

Ukutani, juu ya meza ya chai, palikuwa na picha ya baba yake Mama Picha. Mzee alifariki mwaka uliopita. Picha hiyo aliipiga Mama Picha mwenyewe, jioni moja, sebuleni. Alitumia flashi ndogo iliyomo ndani ya kamera. Katika picha, shati la Mzee lilionekana. Ndevu zilionekana. Lakini kwenye miwani yake palikuwa na madoa mawili meupe, kama sarafu mbili. Macho hayakuonekana.

Mama Picha alikuwa na picha sita za baba yake. Zote zilikuwa hivyo.

Asubuhi moja aliitazama ile ya ukutani kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Jumamosi Kaka anakuja kumuaga Mama. Jumapili anasafiri. Anahamia ng'ambo kikazi. Ameniomba picha moja tu ya Mama ya kwenda nayo."

"Basi mpige," Cheche alisema.

"Mama naye anavaa miwani. Nyumba yake ina giza. Nikimpiga kama nilivyompiga Baba, Kaka ataondoka na picha isiyo na macho." Sauti yake ilishuka. "Baba nimeshampoteza hivyo. Sitaki kurudia kwa Mama. Nahitaji flashi ya kupachika juu ya kamera."

Cheche akaweka kikombe chini. "Hilo niachie mimi. Nani mtaa huu anaujua mwanga kunishinda?"

"Mwanga wako watu wanaukimbia, mume wangu. Hata wewe unautazama kwa kioo cheusi."

"Cheka tu. Utaniona."

Jioni Cheche alirudi na flashi kuukuu, kubwa kama tofali. Aliipata kwa mtu anayeuza vyuma chakavu.

"Hii ni baba lao!" alisema.

Mama Picha alijaribu kuipachika. Mguu wa flashi haukuingia. Ulikuwa umetengenezwa kwa kamera ya kampuni nyingine.

"Haiingii, Cheche."

"Lete hapa. Kisichoingia kinapigwa tupa."

Kabla mkewe hajamzuia, alikuwa ameshachukua tupa yake ya kulainishia chuma. Akasugua mguu wa flashi upande huu. Akasugua na upande ule. Akapuliza vumbi. Mguu ukaingia, kach!

"Umeona? Kama bawaba ya geti langu," alisema kwa furaha. Akavaa miwani yake ya kazini, ile ya kioo angavu, akasimama mbele ya kamera. "Mpige bwana harusi!"

Mama Picha akabonyeza. Chumba kizima kikawa cheupe kama radi imeingia ndani. Picha ikatokea. Uso wa Cheche uling'aa kama sahani iliyosuguliwa. Nyuma yake palikuwa na giza tupu. Kwenye miwani yake yaliwaka majua mawili.

Mama Picha akabonyeza tena. Safari hii flashi haikuwaka. Kioo cha kamera kikazima. Akaizima kamera, akaiwasha tena. Kimya.

Mama Picha alikaa kitini, kamera mapajani. Midomo yake ilikuwa ikisogea. Cheche alijua kuwa anaomba. Safari hii hakumharakisha.

Asubuhi iliyofuata walikwenda kwa jirani yao. Mwanamke huyo alitengeneza kamera zilizoharibika katika chumba kidogo nyuma ya duka la vioo. Watu walimwita Dada Lenzi. Alikuwa amevaa kioo cha kukuzia kwenye jicho moja. Meza yake ilijaa skrubu ndogo kama punje za ufuta.

Dada Lenzi aliugeuza mguu wa flashi. Akaona alama za tupa. Akamtazama Cheche.

"Shemeji, hili ni geti?"

Cheche alikuna kichwa. "Niliteleza, dada."

Dada Lenzi alipima flashi kwa kipima umeme. Akatikisa kichwa. "Flashi nyingi za zamani hurudisha umeme mkubwa kwenye kamera. Kamera za siku hizi hazikuumbwa kwa umeme huo. Zinaweza kuungua kabisa. Usipachike flashi ya zamani kabla fundi hajaipima."

Kisha akatoa betri ya kamera. Akasubiri. Akasafisha vidoa vya shaba vilivyo mahali pa kupachikia flashi. Akarudisha betri na kubonyeza.

Kioo kikawaka.

"Ilizimia tu," Dada Lenzi alisema. "Mungu amewanusuru."

Mama Picha alifunika uso kwa mikono miwili. "Ahsante, Baba," alinong'ona. Alikuwa akizungumza na Mungu, si na Cheche.

Dada Lenzi akawaonyesha vile vidoa vya shaba. "Tazameni. Hapa ndipo kamera na flashi huongea. Kamera husema: tuko karibu, punguza. Au: tuko mbali, ongeza. Flashi inayoelewana na kamera yako hupima mwanga yenyewe. Hii yenu ina kidoa kimoja tu. Inajua neno moja: Waka!"

"Kama mtu fulani ninayemjua," Mama Picha alisema.

"Nimenyamaza," Cheche alijibu.

"Kwa hiyo jambo la kwanza ni hilo," Dada Lenzi aliendelea. "Chagua flashi iliyotengenezwa kwa aina ya kamera yako. Si lazima iwe ya kampuni ileile. Lakini iwe imeandikwa kuwa inafanya kazi na kamera hiyo. Na usinunue kwa maneno. Nenda na kamera yako dukani, ipachike, piga picha pale pale."

"Na nguvu je?" Cheche aliuliza. "Si kubwa ndiyo nzuri?"

"Nguvu ni nzuri ikiwa unaweza kuipunguza. Wewe moto wako wa kuchomelea huwa ni mmoja kwa kila chuma?"

"Hapana. Bati jembamba ukilipa moto wa reli, linatoboka."

"Na uso wa mtu ni mwembamba kuliko bati."

Cheche akaitikia kwa kichwa. Hilo lilimwingia.

Dada Lenzi alichukua flashi moja ya kuuza kabatini. Akaipachika kwenye kamera ya Mama Picha. "Shemeji, vaa miwani yako hiyo ya mfukoni. Simama pale." Alimpiga picha moja, flashi ikimtazama usoni. Majua mawili yalirudi. "Miwani ni kioo. Ukikimulika kwa mbele, kinakurudishia mwanga wako. Macho yanafichika. Sasa usisogee."

Akakishika kichwa cha flashi, akakiinua. Sasa flashi haikumtazama Cheche. Ilitazama dari, iliyopakwa rangi nyeupe. Akabonyeza.

Mwanga haukupiga. Ulishuka. Ulijaa chumbani taratibu, kama asubuhi inavyoingia dirishani.

Walisogea kutazama. Cheche alijiona. Aliona makovu madogo ya cheche shavuni mwake. Aliona mvi mbili asizozijua. Ukuta wa nyuma ulionekana, hata kalenda. Na ndani ya miwani yake aliona macho yake, yote mawili, yakimtazama.

Cheche aligusa shavu lake kwa kidole.

"Ni flashi ileile?" Mama Picha aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni ileile. Mwanga umepita njia nyingine tu. Umekwenda kwanza darini, ukawa mpana, ukawa mpole, ndipo ukamfikia."

"Miaka kumi na minane nafanya kazi na mwanga," Cheche alisema hatimaye. "Nilidhani nimeuona."

Mara Mama Picha akakumbuka jambo. Uso wake ukabadilika. "Nyumba ya Mama haina dari. Juu ni mabati, yana kutu. Na kuta ni za kijani."

"Hapo umesema kama mpigapicha," Dada Lenzi alisema. "Mwanga huchukua rangi ya mahali ulipogonga. Ukigonga kutu, Mama atakuwa na rangi ya kutu. Ukigonga kijani, ataonekana mgonjwa." Akaweka flashi mbili mezani. "Hii kichwa chake kinainuka tu. Ingekufaa kama kungekuwa na dari nyeupe. Hii nyingine inainuka, na pia inageuka kushoto, kulia na hata nyuma. Sasa fikiria. Nyumba ya Mama ina kitu gani cheupe?"

Mama Picha alifikiri. "Ana mashuka. Anayafua mwenyewe mpaka weupe wake unaumiza macho."

"Tundika shuka moja pembeni. Geuza flashi ilitazame shuka. Ukiona bado doa kwenye miwani, usimlaumu Mama. Sogeza shuka."

Mama Picha alichagua ile inayogeuka pande zote. Aliijaribu mara nyingi kabla ya kuilipia. Alihesabu muda ambao taa yake ndogo ilichukua kuwaka tena, kuonyesha kwamba flashi iko tayari. Dada Lenzi alimwambia atumie betri nzuri za kuchaji, nne, na nne nyingine za akiba. Alimwambia aipumzishe ikipata joto. Alimwonya asiiwashe karibu na macho ya mtu, na kwa mtoto mchanga aiweke mbali zaidi.

Jumamosi ikafika. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake kando ya kabati la vyombo, miwani nene puani. Kaka mkubwa alikuwa ameshafunga mabegi. Alicheka sana na kila mtu. Mama Picha alijua kwamba Kaka hucheka hivyo anapoogopa kulia.

"Mama, vua miwani basi, tupate macho," Kaka alisema.

"Nivue? Halafu upeleke ng'ambo picha ya mwanamke usiyemjua? Miaka thelathini sijatoka bila miwani. Mimi ni pamoja na hii."

"Usivue, Mama," Mama Picha alisema. "Kaka, shika shuka upande huo. Cheche, shika upande huu."

Wanaume wawili wakanyanyua shuka jeupe kando ya kiti. Upande wa Cheche ulianza kushuka.

"Shemeji, inua juu. Unabeba shuka, hubebi deni," Kaka alisema.

"Wewe nyamaza. Mapazia hayaongei," Cheche alijibu.

Mama akacheka. Mama Picha akageuza kichwa cha flashi kuelekea shuka. Akabonyeza.

Aliitazama picha. Ngozi ya Mama ilikuwa na rangi yake. Kitambaa chake cha kichwa kilionekana hadi nyuzi. Lakini kwenye kioo cha kushoto palikuwa na mstari mweupe, na mstari huo ulikata jicho.

Akaiona akilini ile picha ya Baba ya ukutani nyumbani. Kisha akakumbuka: sogeza shuka.

"Rudini nyuma hatua mbili, kuelekea mlangoni. Hapo. Mama, shusha kidevu kidogo. Mwangalie Kaka."

Mama akamwangalia mwanawe wa kwanza, aliyesimama ameshika shuka kama mtoto anayesaidia kuanua nguo. Mwanga ukashuka chumbani, mpana, mpole.

Mama Picha aliitazama picha. Alimpelekea Mama kamera kwa mikono miwili.

Mama aliisogeza karibu na uso. Alikaa nayo muda mrefu. Cheche na Kaka walisahau kushusha shuka.

"Nani huyu?" Mama aliuliza.

"Ni wewe, Mama."

"Hapana. Haya ni macho ya mama yangu." Kidole chake kiligusa ukingo wa kioo. "Mama yangu hakupigwa picha hata siku moja. Alikufa mimi nikiwa binti. Nimejaribu kuukumbuka uso wake, nikashindwa. Nikamwambia Mungu, basi, nimeshindwa. Kumbe mama alikuwa hapa. Nimembeba miaka yote hii, sijui."

Kaka aliachia shuka. Alipiga magoti kando ya kiti, akatazama picha, kisha akatazama macho ya mama yake, kisha picha tena. Hakucheka.

"Nitaondoka na wote wawili," alisema.

Mama akawaambia wasali kabla ya safari. Wakashikana mikono. Mama Picha aliomba taratibu. Alimtaja Kaka na safari yake. Alimtaja Mama. Alimtaja Baba, ambaye macho yake hayamo katika picha yoyote, lakini Mungu anayajua. Alimtaja na mama yake Cheche. Kisha akamaliza.

"Amina," alisema Mama. "Amina," alisema Kaka.

Wakasubiri. Cheche alikuwa bado anaitazama ile picha kwenye kamera, mapajani mwa Mama.

"Amina," alisema, wa mwisho.