Kikombe cha Saba na Neno "Haya"

Saa nne na robo asubuhi, Jumanne, kikombe cha saba kilipasuka ukutani, nyuma tu ya sikio la mama msimamizi wa karakana. Mtupaji alisimama palepale, mkono ukijipinda: kijana wa miaka ishirini na tisa, mwenye ulemavu wa akili tangu kuzaliwa, mshona vifungo hodari hata karakana nzima ikamwita Fundi.

"Nimechoka!" msimamizi alisema. "Ijumaa anaondoka."

Dada yake Fundi, aliyeitwa haraka, alishika kichwa. "Mama, nikienda kazini nitamfungia ndani. Nina njia gani nyingine?"

Muuguzi wa karakana, mbishi wa kuzaliwa, alifungua daftari.

"Fundi, umemtupia mama kikombe?"

"Si mimi. Mkono."

"Mnamsikia!" msimamizi alifoka. "Anasingizia mkono wake!"

"Ulipokuwa likizo, vilivunjika vingapi?" muuguzi alimuuliza.

"Hata kimoja. Si ndiyo nasema? Ananichukia."

Hapo hata muuguzi aliyumba. Lakini Jumatano alikaa kwenye kona na saa yake. Saa nne na robo, chai ilipokwisha, msimamizi aliita, "Haya, kazini!" Fundi akaruka kutoka kitini, mkono na shingo vikajisokota kwa sekunde kumi na mbili, macho wazi, fahamu zake zote zipo. Muuguzi alimkalisha, akaita mwenyewe, "Haya!" Fundi akajiinua kivivu. Mkono ukatulia tuli. Muuguzi akaandika yote daftarini.

Alhamisi mchana, aliporudi na Fundi kutoka kwa daktari wa neva, aliwakalisha wote.

"Mhalifu ni ugonjwa adimu wa neva. Akijongea ghafla, mwili unajisokota. Vidonge vichache kwa siku vinautuliza."

"Miaka yote hiyo hospitali hawakuuona?" dada aliuliza.

"Wakisoma 'ulemavu wa akili' kwenye faili, wanaweka kalamu chini. Kila kitu ni tabia yake."

Msimamizi hakukubali. "Na kwa nini ni kwangu tu?"

"Mimi nikimwita, anajikokota. Wewe ukisema 'haya', anaruka. Humu ndani, mama, Fundi hampendi mtu kama anavyokupenda wewe."

Machozi yalimtoka msimamizi bila aibu.

"Kumbe nilikuwa namfukuza mtu anayenikimbilia."

Akavuta kiti, akakiweka karibu na chake. Fundi akakaa, taratibu, akicheka.