Fimbo ya Shoto

Mkaa ndio uliomtoa Fundi nyumbani jioni ile. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, na Kibibi, binti yake wa pekee, alitaka kupiga pasi sare yake nyeupe. Kesho yake alikuwa anaanza kazi ya uuguzi. Mama yake alikuwa ameichomoa pasi ya mkaa uvunguni, akaifuta vumbi, akamwonya mumewe asikutane na wapiga soga akasahau alichotumwa. Fundi akacheka, akaenda, akarudi na mfuko, akamwachia Kibibi uani.

Mlango wa karakana ulikuwa wazi.

Na yeye alikuwa ameufunga.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha uani tu, lakini vilabu vyote vya jirani vilikijua. Fimbo za pool, za kugongea mipira mezani, zilizokatika, zilizolegea skrubu, zilizochakaa ncha, zote zilitibiwa humo. Miaka yote palinuka gundi na vumbi la mbao. Jioni hiyo palinuka udongo mbichi.

Kando ya meza alisimama mtu. Mrefu, suti safi, viatu vinang'aa. Mvua ilikuwa imenyesha kutwa na njia nzima ilikuwa matope, lakini viatu vile havikuwa na hata doa.

"Ncha imeisha," mgeni akasema kwa sauti ya chini. "Naomba uibadilishe. Nitasubiri."

Akalaza fimbo mezani. Fundi akaisogeza kwenye kandili. Mpini mweusi, pete nyeupe ya mfupa, na karibu na kitako, mkwaruzo mdogo wa ukucha. Akaitambua.

Fimbo ile aliitengeneza yeye, kwa ajili ya mdogo wake. Shoto, walimwita, maana alicheza kwa mkono wa kushoto na hapakuwa na wa kumweza. Maradhi yalipomchukua, Fundi aliilaza fimbo hiyo jenezani kwa mikono yake, ubavuni mwa marehemu, akasimama pale pale mpaka kifuniko kikapigiliwa misumari.

Sasa ilikuwa hapa. Ngozi ya nchani ilikuwa imelika mpaka kwenye pete. Na juu yake kulikuwa na chaki, ile wanayopaka wachezaji kabla ya kupiga. Chaki ya leo leo.

"Umeipata wapi?" Fundi akanong'ona.

"Mwenyewe kanituma."

"Mwenyewe amekufa."

"Amekufa," mgeni akakubali. "Lakini anacheza."

Jamani, kuna habari ambazo mtu akizisikia anatafuta pa kukaa. Fundi akakaa. Mgeni akamweleza taratibu, kama mtu anayeelekeza njia. Huko aliko Shoto, meza ipo. Hawachezei fedha, fedha za nini huko? Wanachezea watu wa damu yake aliowaacha nyumbani. Mara ya kwanza Shoto alikosa mpira wa mwisho, mama yao akalala asiamke. Akakosa tena, dada yao akaanguka jikoni, mzima wa afya, sufuria mkononi. Watu walisema siku zao zimefika. Fundi naye alisema hivyo hivyo, ingawa jioni zote mbili alikuwa amesikia mipira ikigongana nyuma ya ukuta wa karakana. Ko... ko... Na nyuma ya ukuta ule hapakuwa na kitu ila kiwanja kitupu.

"Leo anamchezea nani?" aliuliza, na jibu alishalijua.

Uani, Kibibi alikuwa akipuliza mkaa huku anaimba. Mgeni akageuza shingo, akausikiliza wimbo.

"Ana sauti nzuri," akasema.

Fundi akamsihi. Alimwambia wamchukue yeye, keshakula chumvi ya kutosha, wamwache mtoto. Mgeni akatikisa kichwa. Fundi hachezewi, alisema, fundi ana kazi. Kisha akaongeza kwamba Shoto akishinda leo, mchezo umekwisha na hakuna atakayeguswa tena katika ukoo ule. Shoto mwenyewe alikuwa amesema ni ncha tu inayomwangusha.

"Badilisha ncha," mgeni akasema. "Hiyo tu."

Akatoka kusubiri gizani.

Fundi akashika wembe. Akabandua ngozi kuukuu. Akachagua kipande bora alichokuwa nacho, akapaka gundi, akakibana. Kiliposhika akakichonga, akalamba kidole na kusugua kingo kwa mate mpaka zikang'aa, kama alivyofanya maisha yake yote. Muda wote huo midomo yake ilikuwa inacheza. Shinda, mdogo wangu. Nishindie mwanangu.

Kazi ikawa imekwisha. Laiti angeishia hapo!

Lakini mazoea yana tabu. Hakuna fimbo iliyowahi kutoka karakana ile bila kuviringishwa juu ya kioo. Iliyonyooka hupita kimya. Fundi akailaza, akaisukuma.

Tk... tk... tk...

Imepinda. Kidogo mno, lakini imepinda. Kumbe ncha ilisingiziwa bure! Mdogo wake anampigania mtoto wake kwa fimbo mbovu, naye fundi mzima amrudishie hivyo hivyo? Thubutu. Akakimbilia uani kuomba makaa ya pasi. Kibibi akamtania, akamuuliza tangu lini baba naye ana nguo za kunyoosha. Fundi alijilazimisha kucheka, akamshika kichwa kidogo, akarudi.

Akaipaka fimbo mafuta, akaipitisha juu ya makaa, akaikunja gotini polepole na kuishikilia mpaka ikapoa. Akapiga msasa mpini mzima. Hata ule mkwaruzo wa ukucha ukafutika. Akaiviringisha tena.

Kimya.

Mgeni alipoingia, naye akaiviringisha, sikio lake karibu na kioo. Kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Umeinyoosha," akasema.

"Nimeinyoosha."

"Wewe kweli fundi."

Akaondoka nayo. Fundi akafunga mlango, akaona njaa inamuuma, njaa ya mtu aliyetua mzigo. Alipotengewa chakula akamsimulia mkewe yote, kwa kunong'ona, maana Kibibi alikuwa chumba cha pili anapiga pasi na wimbo wake haujaisha. Mama alisikiliza huku amejishika kichwa. Simulizi ilipofika kwenye kioo, mama akashusha mikono.

"Baba Kibibi. Ile iliyopinda?"

"Nimeshainyoosha."

"Si ndiyo mliyoigombania hapa hapa? Ulitaka kumnyooshea, akakataa. Akasema mkono wake umeshaizoea. Ile alama ya ukucha si aliiweka juu kila anapolenga, ajue imepindia wapi?"

Fundi akarudisha tonge sahanini. Alikumbuka. Alikumbuka mpaka kicheko cha Shoto siku hiyo, amekumbatia fimbo yake, anasema: kaka, ukiinyoosha hii umeniua. Alikuwa analijua hili. Hofu na ufundi vilimziba macho, akalisahau siku ile moja aliyotakiwa alikumbuke.

Akatoka mbio, miguu mitupu. Njiani hapakuwa na mtu. Kwenye matope palikuwa na nyayo zake tu, za kwenda na za kurudi na mkaa. Ndipo akasikia, nyuma ya ukuta wa karakana.

Ko...

Mpira ukatumbukia shimoni. Ukafuata mwingine. Na mwingine. Fundi akakimbilia karakana, akabandika sikio ukutani. Yawezekana? Mkono wa Shoto ulikuwa mkono wa Shoto. Mpira mwingine ukaingia.

Kisha kimya kirefu. Ule wa mtu anayelenga mpira wa mwisho.

"Usilenge pembeni kama zamani," Fundi akanong'oneza matofali. "Imenyooka, mdogo wangu. Lenga moja kwa moja. Nisamehe. Lenga moja kwa moja..."

Ko.

Mpira ukabingirika. Ukabingirika... Ukagonga ukingo wa meza, ukarudi, ukasimama.

Hakuna kilichoingia.

Ndani ya nyumba, wimbo ulikatika katikati ya neno.

"Kibibi?" mama akaita. Akaita tena, sauti imepanda.

Fundi hakuondoka ukutani. Harufu ndiyo iliyomfuata pale pale alipo. Nguo ilikuwa inaungua, na hakuna aliyekuwa anainua pasi.