Nilichomwaga Kwenye Tangi la Kichwa-Wazi

"Ngabo! Uko wapi? Kuya mbiyo! Bibi yako anakufia mu gari!"

Ilikuwa sauti ya Byukusenge, jirani yetu, kwenye simu. Mimi nilikuwa Masisi mjini, juu ya pikipiki yangu, nasubiri abiria.

"Gari gani?"

"Ya Symphorien! Imezimika mu mulima... ile Kichwa-wazi!"

Ndugu zangu, simu ilinitoka mkononi.

Si kwa sababu mke wangu alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Ni kwa sababu nilijua kwa nini gari limezimika. Mimi ndiye niliyeliua!

Ngoja niwaeleze, halafu mnitukane vizuri...

Symphorien ni rafiki yangu tangu shule ya msingi. Ni fundi. Alichukua jeep iliyokufa, akakata paa lote, akaweka turubai linalokunjwa kwa nyuma. Chini ya viti akapanga betri, anazichaji kwenye turbine ndogo pale kijitoni. Mbele akaacha injini ya dizeli, lakini dizeli yenyewe hainunui. Anachukua mawese ya Walikale, anayapika na dawa zake, anayachuja mpaka yanakuwa mepesi. Hayo ndiyo mafuta ya gari.

Linaondoka kwa umeme, kimya kabisa, hata ng'ombe hawageuki. Umeme ukiisha, injini inapokea.

Na paa linakunjwa kwa nini? Huku kwetu mgonjwa anabebwa kwa tipoyi, machela ya miti, mabegani mwa wanaume, kila nyumba na zamu yake. Kumkunja mama mwenye uchungu apite kwenye mlango wa gari ni mateso. Symphorien akasema tipoyi iingie kwa juu, mgonjwa amelala vilevile alivyo. Mvua ikija, paa linarudishwa.

Watu walimpenda! Kila mahali ni Kichwa-wazi, Kichwa-wazi. Na mimi niliyekuwa napigiwa simu usiku na mchana, simu ikanyamaza.

Wivu, jamani. Nauita kwa jina lake.

Jumamosi wageni walikuwa waje kutoka Goma kuliona gari. Nikasema moyoni, lizimike tu kidogo mbele yao, wacheke, yaishe. Alhamisi Symphorien akaniachia ufunguo bila wasiwasi wowote.

"Niangalilie gari, kaka. Ninarudia sasa ivi."

Alipogeuka tu, nikayanyonya mafuta yake safi kwa mpira, nikamwaga mawese mabichi ya kupikia!

Kule Itebero msituni kuna joto, mawese ni maji. Huku milimani baridi ya asubuhi inayagandisha kama siagi. Kila mwenye jiko analijua hilo. Nililijua!

Na mawese nilitoa wapi? Hapo sasa...

Nyuma ya mlango wa jikoni kwangu. Bidoni, yaani dumu, ya mama mkwe, Mama Libérata. Alimtumia mke wangu Godelieve kutoka Itebero, yamngoje mpaka ajifungue, apikiwe chakula cha uzazi. Eti nitanunua mengine kabla hajagundua.

Ijumaa asubuhi, mimi nimeshatoka, Godelieve akashikwa. Majirani wakamwita nani?

Symphorien.

Nilipofika mlimani nilimkuta Godelieve amelala kwenye tipoyi ndani ya gari, paa limekunjwa, uso umelowa jasho. Kitenge kilikuwa na damu. Symphorien alikuwa amepiga magoti, anafungua waya mmoja mmoja.

"Batterie imekwisha," alisema bila kuniangalia. "Moteur ilikohoa mara mbili, ikakatala. Sijuwe shida iko wapi! Labda miye njo nilifunga fil mubaya..."

Alikuwa anatafuta kosa lake kwenye nyaya zisizo na kosa, na mwenye kosa amesimama nyuma yake na kofia ya pikipiki mkononi.

"Tuite batu ya tipoyi," mzee mmoja akasema.

"Hospitali iko mbali, Papa," Byukusenge akajibu. Alikuwa analia. "Hatafika."

Kunyamaza kulikuwa rahisi sana. Hakuna aliyeniona!

Godelieve akafungua macho. Akanitazama.

"Symphorien..."

"Nishikie hii fil, kaka!"

"Acha fil. Mu tangi muko mawese mabichi. Imeganda."

"Nani aliweka?"

"Ni miye."

Nilisubiri ngumi. Niliitaka! Symphorien alinitazama tu, kisha akageuka.

"Papa Edmond! Maji ya moto! Yote yenye uko nayo!"

Papa Edmond anatengeneza fromage, yaani jibini, pale kando ya barabara, sufuria zake ziko motoni tangu alfajiri. Akina mama wakakimbia na ndoo. Tukafunga matambara kwenye mipira na kwenye filta, tukamwagia, tukamwagia tangi. Niliungua vidole, na hakuna aliyeniambia pole.

Injini ikakohoa... ikakohoa tena...

Ikawaka!

Hakuna aliyeniambia panda. Nilifuata nyuma na pikipiki, nikila moshi wa gari hadi hospitali. Ulinuka kama jiko la sombe, kisamvu cha mawese.

Mtoto alizaliwa hai. Msichana. Godelieve alipoteza damu nyingi, lakini yuko.

Aliporuhusiwa kuongea nikakaa kando ya kitanda.

"Godelieve, nisamehe."

"Nilijua mbele useme."

"Ulijua nini?"

"Asubuhi nilikuta bidoni ya mama iko bule, hamuna hata tone. Moteur ilipokohoa, nikasikia harufu. Mawese ya mama yangu miye naijua."

"Sasa kwa nini hukusema?! Ungekufa!"

"Nilifungua kinywa, haya ikanifunga. Niseme mbele ya batu kama baba ya mutoto wangu njo anatuua?" Akageuzia uso ukutani. "Nikakuangalia. Nikasema: akinyamaza, na nikipona, ninarudia Itebero na mutoto."

Jamani... alikuwa anatokwa damu, na bado aliniachia nafasi.

Symphorien hajanitukana hata leo. Angenitukana ningepata usingizi. Wageni wa Goma aliwaambia ni baridi tu ilileta shida. Mimi nimerudi kwenye zamu ya tipoyi, ile niliyoikimbia siku niliyonunua pikipiki.

Wewe unayesoma hapa na roho inakuuma kwa kitu cha mwenzio: kabla hujakiharibu, jiulize nani wa kwako atakihitaji kesho asubuhi.

Naandika haya kwa simu, nje, kwenye kizingiti cha nyumba yangu. Mama Libérata amefika leo kwa miguu kutoka Itebero, matope hadi magotini. Amembusu mjukuu, amejifunga kitenge, ameingia jikoni. Namsikia anasogeza vitu nyuma ya mlango.

"Godelieve! Mawese yangu iko wapi? Nikupikie!"

Godelieve ananyonyesha, na ananitazama mimi.

"Ngabo, mutoto yangu, haujaiona?"

Naweka simu chini. Naenda kumwambia.