Filimbi Nyuma ya Pazia

Filimbi ililia usiku wa manane, taratibu, sebuleni, na televisheni ilikuwa imezimwa. Umeme wenyewe mtaani kwao, Mkomaindo, ulikatika tangu magharibi. Zuhra akaijua. Akamkumbatia mwanawe mchanga, Faidha, akasema moyoni isiwe ile, jamani, isiwe ile, na harufu ya udi ikaingia chumbani ingawa hakuna aliyefukiza, na pazia la mlango likatuna kama kuna mtu anapumua nyuma yake, na Dauda, mumewe, akaamka.

Ilikuwa filimbi ya ile filamu. Waliitazama nyumba nzima, kwa sababu Zuhra ndiye aliyeisifia: riwaya yake aliisoma kidato cha tatu, akalia. Kitabuni mume anampiga mkewe na msomaji anaonyeshwa kila kitu, ngumi, jino, damu kwenye kanga, na mume ni mtu tu, hana pepo, na mke anarudi kwao. Filamu ikageuza. Mume kapagawa na jini; kipigo kikianza, wanakuonyesha pazia, filimbi inalia, basi. Mwisho jini anatolewa, mke anasamehe.

"Maskini yule baba," mama mkwe alisema siku ile, akifuta machozi.

Asubuhi, baada ya usiku ule wa filimbi, Zuhra alimfuata mama mkwe jikoni, akamwonyesha mgongo uliovimba.

"Nampigia kaka Uwesu aje kunichukua, mama. Nimekuambia wewe tu."

"Dauda anasema si yeye. Kasikia filimbi, kazinduka mkono unamuuma."

"Kitabuni hapakuwa na jini!"

"Kitabuni, kitabuni! Filimbi umeisikia, hukuisikia, Mama Faidha?"

Zuhra aliisikia.

Fundi wa kupunga majini akaletwa kutoka Chilangala. Dauda akafunikwa shuka jeupe, ubani ukafuka, ngoma ikapigwa hadi jini akapanda. Jini akipanda huulizwa anachotaka, na atakachotaja, wenye nyumba hutoa. Mama mkwe alishaandaa halua, marashi, na beberu mweusi.

"Unataka nini, bwana mkubwa?" fundi akauliza.

Sauti iliyotoka chini ya shuka ilikuwa nyembamba, haikuwa ya Dauda.

"Mbuzi sitaki. Ya nyumba hii yabaki humu. Uwesu wa Newala asijue."

"Alhamdulillahi!" mama mkwe akashusha pumzi. "Jini gani huyu hana gharama, hata kuku hataki!" Wanawake wakacheka.

"Toa ahadi, binti," fundi akasema. "Bila ahadi hatoki."

Zuhra akatazama mlangoni, watu wamejaa. Akatazama simu yake, iko mapajani mwa mama mkwe. Akatazama lile shuka, likituna na kunywea, likituna na kunywea, sawasawa na pazia la usiku ule, na mgongoni mwake, kwenye mbeleko, Faidha, ambaye hata mama bado hajajua kuita, akaanza kupuliza midomo yake midogo, taratibu, ile filimbi, bila kukosea hata mahali pamoja.

"Sitamwambia," Zuhra akasema. "Wallahi, sitamwambia mtu mwingine."